Mstari wa Kumi na Nane

Nilirudi uwanjani saa kumi na mbili na robo jioni kwa sababu nilikuwa nimesahau sanduku.

Lilikuwa sanduku la kawaida tu, la plastiki nyeusi, lenye vishimo kumi na vinane ndani yake. Kila kishimo kina kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti. Mchezaji hukivaa mgongoni ndani ya vesti ya kubana, nacho kinarekodi amekimbia kilomita ngapi, kwa kasi gani, upande gani wa uwanja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika timu: kukusanya vifaa, kuvichaji, kusoma takwimu, na kujaza fomu za mechi. Wachezaji waliniita Karani. Nilikaa chuo kikuu miaka mitatu nikisomea takwimu, nikaishia kuhesabu jasho la watu.

Siku hiyo tulikuwa tumeshinda. Katika mechi kumi na tano za msimu, ulikuwa ushindi wetu wa kwanza. Kabla ya hapo tulikuwa na sare nne na vipigo kumi, na makocha wawili walikuwa wamekwisha kuondoka, wa pili kabla hata hajashika majina ya mabeki wake. Huyu wa tatu alikuwa na siku tisa tu tangu afike.

Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, suti yake ya michezo ya kijivu imepigwa pasi hadi mikunjo ya suruali inaonekana. Siku ya kwanza alimwamuru mtunza vifaa afukue kila kitu kilichofukiwa golini. Zikatoka kufuli tatu, chupa yenye maji meusi, yai lililooza, na picha ya kocha aliyepita. Mtunza vifaa aliapa kwamba hajui lolote, ingawa ndiye aliyejua pa kuchimba. Wachezaji walinuna, wakanong'ona kwamba sasa tumebaki uchi. Mimi nilifurahi. Nilijiambia, afadhali, amekuja mtu mwenye akili kama zangu.

Ombi lake kwangu lilikuwa moja. Fomu ya mechi ina mistari kumi na minane: kumi na mmoja wanaoanza, saba wa akiba. Yeye alitaka nijaze kumi na saba. Nilimweleza kwamba mstari ukibaki mtupu tunaukata kwa kalamu, ili mtu asije akachomeka jina baadaye. Ndiyo utaratibu.

"Usikate," akasema. "Usiandike. Uache."

Nikauacha. Lakini uliniuma, na sababu ninayo.

Mdogo wangu, yule wa mwisho kwa mama, alikuwa winga wa kulia wa timu hiyohiyo. Jezi namba ishirini na saba. Goti lilimweka nje miezi mitano, kisha daktari akamruhusu kucheza. Mkataba wake ulikuwa unaisha na msimu, na uongozi ulimwambia wazi: asipoingia kwenye fomu hata moja hadi mechi ya mwisho, ataachwa. Kila wiki niliandika majina kumi na saba, lake halimo, na chini yake kuna nafasi nzima imekaa bure. Wenzake walimpa jina la Akiba ya Uzeeni. Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Basi jioni hiyo niliingia chumba cha kubadilishia nguo kuchukua sanduku. Taa ya katikati ilikuwa imeungua. Bomba moja la bafuni lilikuwa likidondosha maji... tone... tone... Sanduku lilikuwa juu ya benchi nilipoliacha. Nililifunga mwenyewe, nakumbuka, kwa sababu kila kitu hukifunga mara mbili na kukikagua mara tatu.

Lilikuwa wazi.

Vifaa kumi na saba vilikuwa baridi. Cha kumi na nane, ambacho hakuna aliyekivaa, kilikuwa cha moto. Na vesti yake, mpya, ambayo haijawahi kutoka kwenye mfuko wa nailoni, ilikuwa nje ya mfuko. Niliishika. Ilikuwa imelowa chapachapa. Sijui niseme ilinuka nini. Haikuwa harufu ya jasho. Ilinuka udongo wa chini, ule unaotoka shimo likishakuwa refu.

Niliiweka chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Nikabeba sanduku nikatoka bila kuzima taa.

Usiku huo nilifungua takwimu. Kifaa cha kumi na nane kilikuwa kimeanza kurekodi dakika ya kwanza ya mechi na kuacha filimbi ya mwisho ilipolia. Kilomita kumi na moja na mita mia nne. Njia yote ilikuwa upande wa kulia, juu na chini, juu na chini, kando ya mstari wa pembeni.

Niliandika kwenye ripoti: kifaa kibovu. Nikalala taa ikiwaka.

*

Tuliendelea kushinda.

Kocha alipanga timu kwa namna ya ajabu. Aliwajaza wachezaji kushoto na katikati, kulia akaacha peupe. Waandishi wa habari za michezo walisifu mbinu hiyo, kwamba anawavuta wapinzani kwenye uwazi kisha anawafunga. Mimi nilirudia video za mechi hadi macho yakauma. Niliwahesabu wachezaji wetu kila dakika kumi. Kumi na mmoja. Kila mara kumi na mmoja. Lakini niliona pia kitu ambacho waandishi hawakukiandika: mabeki wa kushoto wa wapinzani walikuwa wakimkaba mtu. Waligeuka, wakanyoosha mkono kama wanamshika mtu jezi, wakaruka juu kugombea mpira na hewa.

Baada ya mechi ya tano ya kocha huyu, nilimkuta beki mmoja wa timu pinzani amekaa sakafuni kwenye korido, barafu kwenye kifundo. Akaniita.

"Dada, yule wenu wa kulia, asiyeongea, anavaa namba ngapi?"

Nikamwambia kulia hatukuwa na mtu.

"Usinitanie, dada. Amenipumulia shingoni dakika tisini." Akajigusa nyuma ya shingo, akaangalia vidole vyake. "Pumzi yenyewe baridi."

Kifaa cha kumi na nane nilikuwa nimeacha kukichaji. Kiliendelea kurekodi. Nilikitoa betri, nikaifungia kabatini nyumbani. Kikarekodi kilomita kumi na mbili kamili.

Nilimfuata kocha. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza nililotaka kuuliza, kwa hiyo nilimuuliza la mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa na karatasi zangu: kasi yake mazoezini, goti lake, idadi ya krosi. Alizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Kisha akaniuliza kama mdogo wangu ni mzima. Nikamwambia mzima kabisa, hata daktari kasema.

"Basi mwache abaki mzima," akasema, akanirudishia karatasi.

Nililichukulia neno lile kama dharau. Nilikwenda nyumbani nikalia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili mama asisikie.

*

Ikafika mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tukitoka sare tunashuka daraja. Hesabu ilikuwa rahisi namna hiyo.

Asubuhi mdogo wangu aliniambia haendi hata kukaa jukwaani. Viatu vyake vya mpira alivigawa kwa jirani. Alisema atabaki nyumbani amsaidie mama kazi, Jumatatu aanze kutafuta shughuli nyingine, na aliyasema hayo huku akitabasamu, akipaka siagi kwenye mkate hadi pembeni kabisa, kama alivyozoea kufanya tangu mdogo. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza. Ningemsikia analalamika, labda nisingefanya nilichofanya.

Kwa kawaida kocha aliichukua fomu mkononi mwangu na kuipeleka mwenyewe kwa kamisaa wa mchezo. Siku hiyo kipa alikuwa anatapika kwa woga, na kocha alikuwa chooni amemshika bega. Alinipigia kelele kutoka mlangoni nipeleke mimi.

Nilikuwa peke yangu kwenye meza ya ofisi. Fomu mbele yangu. Kalamu ya bluu. Mistari kumi na saba imejaa kwa mwandiko wangu, herufi kubwa, zimenyooka. Wa kumi na nane mtupu.

Nilijiambia kwamba kuandikwa si kucheza. Angeingia kwenye fomu, basi. Mkataba ungenusurika, na kocha asingejua hadi mpira uishe. Nilijiambia pia kwamba mambo ya vesti na betri yana maelezo, ila mimi sijayapata.

Nikaandika namba ishirini na saba. Nikaandika jina la mdogo wangu, majina yote matatu, kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Wino ulichelewa kukauka. Hilo nalikumbuka. Niliupuliza... nikaupuliza tena... ukabaki unang'aa kama umeandikwa sasa hivi.

Nilimtumia ujumbe: njoo uwanjani haraka, umo kwenye orodha. Haukufika. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Hadi dakika ya sabini na tisa hakuna aliyefunga. Na kwa mara ya kwanza tangu kocha aje, upande wa kulia ulikuwa mtupu kweli. Beki wao wa kushoto alipanda mbele anavyotaka, hamkabi mtu, hakabwi na mtu. Kocha aliligundua hilo mapema. Nilimwona anatazama kulia, anatazama saa, anatazama tena kulia, kama mtu aliyeachwa na mgeni wake stendi.

Mpira ukatoka nje. Mwamuzi wa akiba akainua ubao.

Anatoka namba nane. Anaingia namba ishirini na saba.

Kocha hakuwa ameomba mabadiliko yoyote. Aligeuka kunitazama. Hakuwa na hasira. Ilikuwa sura ya mtu aliyesikia kitu kinavunjika chumba cha pili.

Mdogo wangu akatoka kwenye mlango wa wachezaji.

Namwita hivyo kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwona. Mabega yake, kichwa chake, mguu wa kulia anaoutupa kidogo nje akikimbia. Niliruka. Nilipiga makofi kama mwendawazimu. Ujumbe umefika, nikasema, amekuja. Alipita karibu nami kiasi cha kumgusa, nikamwita kwa jina letu la nyumbani, lile ambalo mimi na mama tu ndio tunalitumia.

Hakugeuka. Hakulijua.

Na jezi yake, kavu kabisa kwa macho, ilinuka udongo wa chini.

Alifunga dakika ya themanini na nane. Alipokea mpira kulia, akawapita wawili, akapiga. Uwanja mzima uliliimba jina lake, majina yote matatu, kama nilivyoyaandika. Walimbeba juu juu. Alikuwa anacheka kwa mdomo. Macho yake yalikuwa yanazunguka jukwaani polepole, yanasoma nyuso, kama mpangaji anayekagua nyumba aliyopewa ufunguo wake leo.

Kocha alinishika mkono nyuma ya benchi. 

"Nani ameandika?"

"Mimi. Ni mdogo wangu, kocha, nilitaka tu..."

"Asiye na jina anapita," alinong'ona. "Anacheza, anaondoka zake. Ukimpa jina, anakaa." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko kitu chochote cha msimu ule. "Mwenye jina yuko wapi sasa hivi?"

 Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

*

Jua lilikuwa linazama nilipofika nyumbani. Mdogo wangu alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, amevaa bukta na fulana ya kulalia. Simu yake ilikuwa imezima kwa sababu umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi. Alikuwa ameshinda humo na mama wakichambua maharage. Mama mwenyewe alithibitisha, tena kwa malalamiko, kwamba alikuwa anachambua huku anasinzia na kuacha mawe. Nilimkumbatia hadi akaniuliza kama nimefiwa.

Wakaja majirani. Walikuwa wamesikiliza mpira kwenye redio ya betri. Walijaa sebule nzima, wakampongeza mama, wakamwambia amezaa chuma. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtu wa masihara sana, alikuwa amesimama nusu hatua kutoka kwenye kile kiti.

"Sasa shujaa wetu yuko wapi?" akauliza. "Au kashakuwa mkubwa, hataki kutusalimia?"

Mdogo wangu akacheka, akainua mkono. "Nipo hapa, fundi."

Fundi akaendelea kuangaza macho mlangoni.

Siku ya pili mdogo wangu alikwenda dukani, akasimama pale kaunta robo saa, wengine wanahudumiwa juu ya bega lake. Siku ya nne mama alipakua sahani mbili. Nilipomwambia tuko watatu, alishtuka, akajipiga paji la uso, akasema uzee huu. Siku ya sita hakushtuka. Alinitazama tu, kisha akamtazama mdogo wangu kwa shida, jinsi unavyotazama kitu kilichoandikwa mbali.

Timu ilikuwa kambini, inasherehekea. Kwenye simu yangu zilikuja picha: wachezaji wote wamekumbatiana, na katikati yao namba ishirini na saba. Kocha hayumo. Alikuwa ameondoka usiku uleule wa mechi, chumba chake kimesafishwa hadi kwenye pini za ubaoni. Sikuwa nimewahi kumuuliza alikotoka. Nilitafuta. Timu tatu kabla yetu, zote aliziokoa katika nusu msimu. Niliomba nakala za fomu zao za zamani. Mstari wa mwisho mtupu, mtupu, mtupu... na kwenye fomu moja tu, ya timu ya pili, palikuwa na jina.

Nilimpigia katibu wa timu ile. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima. Nilimsomea lile jina. Aliniomba nilirudie. Akaniambia mchezaji huyo alikuwepo, alicheza nao miaka miwili, alikuwa hodari mno, kisha siku moja akatoweka na hakuonekana tena.

Nikauliza, na kabla ya hapo? Yule wa kwanza aliyekuwa na jina hilo?

"Kulikuwa na wa kwanza?" akauliza. Halafu sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mimi chumba cha nyuma nina kitanda ambacho nakitandika kila asubuhi. Sijui nakitandikia nani."

Akakata simu.

Siku ya nane, jioni, mlango uligongwa. Mama alifungua. Nilimsikia anapiga vigelegele.

Aliingia na begi la timu begani. Alikuwa na vumbi la safari, na alimwinamia mama vizuri, akampa mkono, akamuuliza mgongo unaendeleaje. Mgongo wa mama ulianza kuuma wiki ileile. Mama alilia kwa furaha, akamwita mwanangu, akakimbilia jikoni.

Tukabaki watatu.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Yule mwingine akaweka begi chini, akakisogelea kile kiti, akasimama. Hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa adabu kabisa, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Dada," akasema, kwa sauti ileile niliyoizoea tangu utotoni. "Hapa kuna mtu?"

Mdogo wangu akazidi kukikaza kile kiti. Alinitazama tu.

"Kuna mtu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limejaa.

"Haya, dada. Nitasubiri."

Hii ni wiki ya tatu sasa. Kazi nimeacha, sitoki nyumbani. Anakula mezani na mama, anamchekesha, anambebea maji. Hajawahi kunitisha hata kwa neno. Ila kila jioni, giza likianza kuingia, anakuja kusimama mbele ya kile kiti na kuniuliza swali lilelile kwa heshima ileile, na kila jioni namjibu kwamba kuna mtu.

Jana nilimjibu pia. Lakini nilichelewa kidogo. Ilibidi nitazame kwanza.